Ilimba Mbele ya Wakwe

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nilianza na baiskeli ya kubebea alizeti, leo nina mashine ya kukamua mafuta pale mtaa wa Kikuyu, na darasa la nne sikulimaliza. Kwa hiyo nilipomtangazia mke wangu kwamba wakwe wakija kutoka Kondoa kumposa binti yetu nitawapigia ilimba mwenyewe, niliona ni kazi ya wiki mbili. Ilimba ni kisanduku chenye vyuma, unavibonyeza kwa vidole gumba. Vidole gumba ninavyo viwili.

Mwalimu wangu alikuwa mpagazi wa palepale mashineni, Mgogo wa Mvumi, hodari wa ilimba. Vyuma nilivijua siku mbili. Taabu ilikuwa kichwa. Kidole cha kushoto kinarudia yaleyale kama mtu anayetwanga, cha kulia kinazurura, mdomo unaimba mengine kabisa. Na nikishaukamata mwendo tu, ananichokoza:

"Bosi, gunia la alizeti leo bei gani?"

Najibu. Vidole vinasimama.

"Anza upya."

"Si umeniuliza wewe!"

"Nimekuuliza. Nani kakwambia ujibu? Kusikia sikia, ila usiondoke kwenye wimbo."

Mwezi mzima hivyo. Mwisho nilipiga huku ananiambia mizani yangu inaiba, nami natabasamu tu. Wenye vyeti hawafiki hapo.

Siku ya posa, alasiri, uani kwangu Makole, nikapiga. Wageni wakatikisa vichwa kufuata mwendo. Baba wa kijana akainuka kunitunza, akanibandika noti pajini. Ikateleza, ikatua juu ya vyuma. Nikaitazama: elfu moja.

"Buku?" nikasema, kwa sauti. Ilimba kimya.

"Hilo la kuanzia, mkwe," akajibu mzee. "Nilitaka nione kama wimbo utafika elfu kumi."

Ua mzima ukafa kwa kicheko. Mke wangu akajifunika kanga usoni.

Mpagazi akaninyang'anya ilimba, akaendelea palepale nilipoachia. Nikapumua. Kumbe anaanza kunisifu: mashine yangu, ukarimu wangu. Ukisifiwa mbele ya wakwe utakaaje na mikono mfukoni? Nikamtunza. Akasifu lori langu. Nikamtunza. Akasifu lori la pili, ambalo sina. Ningekanusha vipi? Nikamtunza tena, na tena, yeye kafumba macho, vidole vinakwenda, noti hata hazitazami.

"Sasa huo ndio wimbo," mzee akasema, akanishika mkono kwa heshima zote.

Heshima hiyo ilinigharimu shilingi laki moja, elfu themanini na saba na mia tano.