Tulipofungwa, Mume Wangu Ndiye Aliyeumia

Siku Tanzania ilipofungwa na kutolewa kwenye mashindano ya Afrika, aliyeumia zaidi nyumbani kwetu Turffontein si mimi Mtanzania. Ni mume wangu, mzaliwa wa hapa Johannesburg, aliyeishi ukimbizini Morogoro enzi za ubaguzi na kunioa huko.

Mpira uliisha, yeye akabaki kaikodolea macho televisheni, fulana yake ya bluu imelowa jasho. Binti yetu, anayeshabikia Afrika Kusini, akamwuliza kwa Kizulu, "Eish, baba, kwani hiyo ni timu yako?"

Alinigeukia mimi, akasema kwa Kiswahili, "Mama, wametuangusha tena."

Nilikuwa nimechoka. Nimeiona timu hiyo ikifungwa tangu usichana wangu, na machozi yalishanikauka. Nilitaka tu azime televisheni tule. Lakini nilipomwona alivyonywea kwenye kiti, nikamhurumia.

"Watajirekebisha," nikamwambia, ingawa mwenyewe sikuamini, nikaenda kupakua wali.

Alikula matonge mawili, akasukuma sahani.

"Mechi za kufuzu zinaanza lini?" akaniuliza.

"Sijui, baba. Kula kwanza."