Uwanja Unaohama wa Mabinti wa Rweya

Kilichonitoa nyumbani kwangu Hamugembe, mjini Bukoba, ni fomu moja iliyojazwa kwa kalamu ya kijani. Tuko watu wanne kwenye kamati ndogo ya mpira wa wasichana, tunakutana Kashai kwenye duka la mwenzetu anayeshona sare za shule. Siku hiyo tulikuwa tunapitia maombi ya timu zinazotaka kucheza ligi yetu ya likizo. Timu ikikubaliwa, wasichana wake wanaletewa vitabu na kufundishwa hesabu na Kiingereza likizo nzima, na kwa kweli hilo ndilo tunalolitaka. Mpira ni wa kuwaita tu. Fomu hii ilitoka kijiji kimoja juu ya Rubya, wilayani Muleba. Penye swali la uwanja, mwalimu wao alikuwa ameandika: "Upo, ila unahama."

Wenzangu walicheka mpaka mwenye duka akamwaga pini zake. Mmoja akataka tuiweke fomu pembeni tuendelee. Mimi nikauliza, uwanja unahamaje? Na kwa kuwa kwenye kamati anayeuliza sana ndiye hupewa kazi, nikatumwa nikaone kwa macho yangu, na futi ya kupimia kwenye mkoba.

Niseme mapema msije mkanishangaa huko mbele: mimi ni mtu wa maneno. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, nikastaafu, lakini mdomo haukustaafu. Mume wangu, Mzee Abdu, huniaga kwa kusema, "Mama Zuhura, na wenyeji nao waongee kidogo." Miaka yote nilidhani ananitania.

Alhamisi, saa moja asubuhi, niliondoka Bukoba kwa basi. Nilikaa upande wa kushoto ili nilione ziwa mpaka litakapojificha nyuma ya vilima. Baada ya Kemondo nikaanza kutazama migomba. Ilikuwa kiangazi, na palionekana wazi ni nani amefunika shamba lake kwa nyasi na nani hajafunika: kwa mmoja majani ya kijani mpaka chini, kwa jirani yake kingo zimeungua na udongo umepasuka. Njia nzima, Muhutwe na kuendelea, nilikuwa napishana na wanawake na wasichana wenye mizigo ya nyasi kichwani. Niliwaona bila kuwafikiria.

Muleba nilishuka, nikachukua bodaboda kupanda Rubya. Dereva alidhani nakwenda kumwona mgonjwa hospitali. Nikamwambia nakwenda kuona uwanja wa mpira wa wasichana, kule juu zaidi.

"Wa jana au wa leo?" akauliza.

"Kwani ni viwanja viwili?"

"Ni kimoja, mama. Ila leo hakiko kilipokuwa jana."

Saa sita mchana nilifika kwa Mwalimu Adventina, msichana mfupi mwenye viatu vyenye vumbi, anayefundisha hesabu sekondari ya kutwa. Aliishi chumba kimoja, kwa hiyo alikuwa amenitafutia pa kulala kwa mzazi wa mmoja wa wachezaji wake. Tulipokuwa tunakunywa chai aliniambia neno ambalo nililisikia na sikulisikia: "Mama, huku nyasi tunazipeleka nyumbani. Mengine tunayaacha rweya." Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Rweya ni ile mbuga ya nyasi iliyo nje ya kibanja. Kwenye kibanja kuna nyumba, migomba na kahawa. Ukivuka migomba ya mwisho unatokea rweya, upepo na anga. Wanaume hawaendi huko mara kwa mara. Nyasi za kufunikia migomba hukatwa na wanawake na mabinti.

Saa tisa alasiri walitokea wasichana ishirini na wawili, wametoka shule, kila mmoja na mundu wake. Hakuna aliyegusa mpira. Walijigawa bila kuambiwa: hawa wakikata kwa mstari, wale wakikusanya, wengine wakifunga mizigo, na mmoja kakaa na jiwe akinoa miundu. Mwalimu aliitazama saa yake. Saa kumi kasoro robo mizigo ishirini na miwili ilikuwa imesimama, na mlima ulikuwa na kipande kipya kilichonyolewa.

Kisha wakaikalia mizigo ile, wakatoa madaftari, wakasoma hesabu saa nzima. Walipomaliza, mizigo minne ikawa magoli, mpira ukaanza. Kesho yake watakata mbele zaidi, na uwanja utahamia huko. Nilisimama na futi yangu mkononi nikacheka peke yangu.

Mwalimu akanieleza. Binti akikata peke yake, anatafuta nyasi nzuri, anahangaika na mundu butu, anafunga mwenyewe, anarudi jua linazama. Wakikata pamoja wanaokoa karibu masaa mawili. Wazazi wanajua kwamba mwishoni mabinti hupiga mpira kidogo. Mzigo unafika nyumbani kwa wakati ule ule wa siku zote, hakuna anayelalamika.

Aliyenivutia zaidi alikuwa Kemilembe, wa kidato cha pili, miguu mirefu, anacheza nyuma na kupiga kelele kama kondakta. Yeye ndiye binti wa nyumba niliyopangiwa kulala. Alinionyesha daftari lake bila kuombwa.

"Bibi, mwaka jana nilikuwa napata sifuri. Sasa tazama."

Akanieleza pia kwamba baba yake amesema akifeli mtihani wa mwisho wa mwaka atakwenda Mwanza kulea mtoto wa shangazi. Alisema hivyo huku akikaza kamba ya mzigo wake, kama mtu anayetaja mvua ya wiki ijayo. "Ila sifeli," akamalizia.

Jioni, kwa Ta Laurian, yaani Mzee Laurian, baba yake Kemilembe, nilipokelewa kwa heshima iliyonizidi kimo. Mkewe, Ma Verediana, alikuwa amempeleka kuku wao kwa muuza duka Mwislamu huko barabarani akachinjwe, ili nile bila wasiwasi. Tulikula ndizi na maharage na huyo kuku. Kisha kikaletwa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Ta Laurian ni mtu mpole, anasikiliza kwa kuinamisha kichwa, na hakuna hatari kubwa kwa mtu kama mimi kuliko mtu anayesikiliza vizuri.

Nikaanza kumsifia binti yake. Nikasifia mwalimu. Ma Verediana akakohoa. Nikasema sijaona watoto wenye akili kama hawa, maana nyasi wanazimaliza kwa dakika arobaini na tano tu. Ma Verediana akakohoa tena, akanisogezea kahawa. Nikaichukua, nikatafuna, nikaendelea: "Halafu masaa mawili yote yanayobaki wanasoma na kucheza!"

Ta Laurian aliinua kichwa. "Masaa mawili yanabaki?"

"Mawili, karibu!" nikasema kwa furaha.

"Kumbe." Akafikiri kidogo, akamgeukia binti yake bila hasira. "Kemilembe, kesho mizigo miwili. Kiangazi kimetubana, na upande wa chini migomba inakufa."

Kemilembe akasema, "Ndiyo, baba," akainuka kwenda kuosha vyombo. Ma Verediana aliponionyesha kitanda aliniambia taratibu, "Nilikuwa nakukoholea wewe, mama." Nililala nikijichukia, na sisemi hivyo kwa kujipamba.

Ijumaa asubuhi Ta Laurian aliwasimulia majirani, akicheka, jinsi mabinti walivyowazidi akili. Hakuwa na nia mbaya. Lakini kila nyumba iliyosikia ilikuwa na migomba yake, na kufikia mchana habari ilikuwa imevuka vibanja vyote.

Saa tisa walifika wasichana wanane. Wengine niliwaona wametawanyika mlimani, kila mmoja peke yake, ameinama. Mwalimu Adventina hakunigombeza. Alisema, "Ningekwambia waziwazi. Nusu ya kosa ni yangu." Nusu iliyobaki ilinitosha.

Nikapanda mpaka alipokuwa Kemilembe. Hakuacha kukata.

"Bibi, ulimwambia baba."

Halikuwa swali. Mzigo wa kwanza ulikuwa nusu. Pale chini wanane walikuwa wameshafunga mizigo yao na kutoa madaftari, naye alikuwa akiwatazama kila alipoinuka kunyoosha mgongo. Mundu wa mama yake ulikuwa umelazwa pembeni. Nikauchukua, nikajifunga mtandio kiunoni, nikainama.

Nilikuwa sijakata nyasi tangu nikiwa binti. Haikuchukua muda kiganja kikatoka malengelenge. Kemilembe aliniambia niache, nikamwambia akate wa kwanza, wa pili ni wangu. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na ndoo alisimama, akashika mdomo, akashangaa kwa Kihaya. "Mawe! Mgeni wa Ta Laurian anakata nyasi!" Akaondoka kwa haraka, na nikajua anakokwenda.

Ta Laurian alifika akihema, kofia mkononi. Kwa watu wa huku, mgeni aliyelala kwako kuonekana akikufanyia kazi ya shamba ni aibu isiyooshwa upesi.

"Mama Zuhura, waitu, nakuomba, weka mundu chini. Watu watasema Laurian hamlishi mgeni mpaka afanye kibarua."

"Huu ni mzigo wa pili, Ta Laurian. Niliuleta mimi kwa mdomo wangu, naukata mimi."

"Nani amekutuma?"

"Nimejituma. Jana, mbele ya kahawa yako."

Alinitazama, akamtazama binti yake, kisha akaninyang'anya ule mundu kwa adabu na kuinama mwenyewe. Kemilembe aligeuka upande wa pili asije akaonekana anacheka. Baba mtu alikata huku mgongo ukimwuma, akakusanya, upepo ukamtawanyia zile alizokusanya, akarudia. Alipofunga mzigo ukafunguka. Akafunga tena. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kola. Jua lilikuwa limeshashuka aliposimama wima.

"Kumbe kazi hii inakula siku," akasema.

"Peke yako, ndiyo," nikasema, na kwa mara ya kwanza nikaishia hapo.

Alibeba ule mzigo mwenyewe mpaka walipokuwa wale wanane, akaukalia, akasema anataka kuona hayo masaa yanavyotumika. Mwalimu alimwita Kemilembe mbele. Binti aliandika hesabu kwa chaki kwenye kipande cha ubao walichokiegemeza kwenye nyasi, akatafuta na kupata jibu.

"Hiyo x ni nini?" baba yake akauliza.

"Ndiyo tunayoitafuta, baba."

"Na mkiipata?"

"Tunapewa nyingine."

Ta Laurian akacheka mpaka akafuta macho. Mpira ulipoanza, mzigo wake ukawa nguzo ya goli, na nilimwona akienda mara mbili kuukaza kamba usije ukalegea. Tukiwa njiani kurudi alisema, "Kwangu mzigo mmoja unatosha. Migomba ya chini nitaikatia mimi." Akatembea kidogo. "Nyumba za wengine siwezi kuzisemea."

Jumamosi asubuhi, kabla sijaondoka, walifika kumi na watano. Niliwahesabu mara mbili. Saba walikuwa bado mlimani, mmoja mmoja. Nilizunguka nyumba tatu kati ya hizo saba pamoja na mwalimu. Kwa moja tulisikilizwa, kwa nyingine tulipewa juisi ya ndizi na kuambiwa kiangazi ni kikali, kwa ya tatu hapakuwa na mtu. Binti wa hiyo nyumba ya pili, aliyekuwa ameshuka kuleta mzigo wake wa kwanza, alitusindikiza mpaka barabarani. Sura yake ninayo mpaka leo.

Nilimwomba Mwalimu Adventina radhi, na nikamwomba pia ruhusa ya kuandika. "Andika," akasema. "Siri imeshakufa. Sasa afadhali wote wajue kwamba masaa yale hatukuyaiba kwa mtu, tuliyakata wenyewe." Majina nimeyabadilisha.

Bodaboda ilipokuja, Kemilembe alitokea kwenye migomba na mzigo wa nyasi kichwani, akaufunga nyuma ya kiti. "Wa kwako, bibi. Wa jana ulikuwa hujaumaliza." Sikujua kama ni zawadi au adhabu, na nadhani hata yeye hakujua. Nikapanda. Muleba walinicheka, kondakta wa basi akauliza kama mjini hakuna nyasi, nikauweka kwenye buti.

Jumatatu, Kashai, nilijaza sehemu ya uwanja kwa kalamu yangu: "Upo. Ukihitajika, wanaukata." Wenzangu wakasubiri hadithi. Nikawaambia timu iingie, na tuanze kufundisha kabla ya likizo, wiki hii hii. Wakaniuliza kama naumwa.

Nilichojifunza ni hiki. Nilikwenda kupima uwanja, na kumbe kitu cha kupimwa kilikuwa muda wa binti, ambao kila mtu nyumbani anaona ni wake isipokuwa yeye. Wale mabinti waliupata kidogo, wakaulinda kwa kukaa kimya, nami nikaumwaga kwa kusifia. Mwalimu hunipigia kila Ijumaa kunipa hesabu. Wamefika kumi na wanane. Wanne bado.

Jumamosi ile niliingia Hamugembe saa kumi jioni na mzigo wangu. Nyuma ya nyumba tuna mashina machache ya migomba. Niliufungua, nikafunika shina moja baada ya jingine kwa mkono wenye malengelenge. Mzee Abdu alitoka na kikombe chake cha chai, akasimama mlangoni, akajiandaa kwa hadithi ndefu.

"Umeleta nini huko?"

"Nyasi," nikasema, nikaendelea kufunika.