Siku Niliporuka Upinde wa Kakule

Wiki iliyopita, sokoni Butembo, nilipita karibu na mzee aliyekuwa akipasua kekele, zile kamba za msituni za kusukia vikapu. Harufu ile mbichi, yenye uchungu kidogo, ilinisimamisha katikati ya watu. Nilikumbuka kamba ya upinde, na nikakumbuka wivu wangu. Nawaambia ninyi, maana hata wanangu sijathubutu kuwasimulia.

Tulikaa Mutwanga, ambako nyani walivuna mahindi kabla yetu. Vita vilipofika Beni, akaja Kakule, mtoto wa baba mdogo, mwenye miaka kumi na mmoja kama mimi, akiwa na kiatu kimoja. Mama alimpa uji kwenye bakuli langu. Chuki ilianzia hapo.

Kisha baba akamtengenezea upinde. Kwetu upinde hupimwa kwa mwili wa mwenyewe: alimsimamisha mlangoni, akakata mti uliomfika kidevuni, akaufunga kamba ya kekele. Mimi nilikuwa nimeuomba upinde tangu msimu uliopita, nikajibiwa "Tutaona." Mwanamke hakushika upinde, wala hakuuruka; akiuruka, wazee waliapa, upinde ule haupati kitu tena. Basi nikapewa kazi ya kuokota mishale.

Siku ya kwanza mshale wa Kakule ulianguka miguuni pake, na kamba ikamchapa mkono wa kushoto mpaka akauma midomo. Nilifurahi, siwafichi. Baba alimfunga ganda la mgomba mkononi, akamwambia, "Hapana fanya mbio. Vuta, pumua, achia." Mwezi haukuisha, Kakule akawa anaangusha paipai kwa hatua thelathini. Majirani walikuja kutazama. Mama alicheka kicheko ambacho sikuwahi kumchekesha mimi. Nami nilikuwa ndani ya majani nikichomwa na miiba, huku wakiniita, "Masika, leta mushale!" Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, mimi nilikonda kweli.

Mchana mmoja aliuacha upinde uani akaenda kuteka maji. Nikatazama huku na huku, nikapandisha gauni, nikauruka. Niliuruka mara mbili, mwiko ukolee. Nilipogeuka, Kakule alikuwa amesimama na bido lake la maji. Aliokota upinde wake, akaingia ndani. Nilingoja anishtaki kwa baba, hakunishtaki, na hilo nalo likanikasirisha.

Siku chache baadaye wakaja watu wa msituni, wenye bunduki mabegani na hirizi shingoni. Walikuwa wakichukua wavulana. Mkubwa wao alikwisha kusikia habari za paipai.

"Ni weye batu banasifu? Piga ile mugomba, tuone."

Baba alikuwa ameegemea ukuta, midomo imemkauka. Kakule akavuta. Mshale wa kwanza ukapita pembeni. Wa pili ukaingia kwenye maharagwe. Wa tatu ukaanguka miguuni pake. Moyo wangu uliruka kwa furaha: ni mimi, nimeweza!

"Lakini, balitudanganya?" mkubwa akauliza.

"Hapana, chef." Kakule akaninyooshea kidole mbele ya watu wote. "Nilikuwa najua. Masika aliruka huu upinde, niliona na macho yangu. Tangu ile siku mukono yangu ilikufa."

Yule mtu akarudi nyuma kama aliyekanyaga siafu. "Mwanamuke aliruka? Basi huyu alishaharibika. Tusibebe mukosi!" Wakaondoka na kuku wetu wawili. Jioni tukasikia kwamba ng'ambo ya mto wamechukua wavulana watatu.

Nilingoja fimbo. Baba alikaa chini kwenye vumbi, akaniita, akaniwekea mkono kichwani. Mimi nililia kwa hasira: Kakule amenichongea mbele ya kijiji kizima! Kesho yake, nikichungulia kwenye ua, nilimwona akipiga mgomba ule ule. Mishale mitatu ilisimama mahali pamoja, ungeweza kuifunika kwa kiganja. Mnajua niliwaza nini? Kwamba hata mwiko wa wazee haumwezi huyu mtoto. Sikumsemesha mpaka mahindi yalipovunwa.

Nilielewa nilipokuwa na mwanangu wa miaka kumi na mmoja, nikamtazama mikono yake myembamba. Kupiga, Kakule alifundishwa na baba. Kukosa mara tatu mbele ya bunduki, bila kukosea hata mara moja, hakufundishwa na mtu. Na maneno ya kujiokoa nayo nilimpa mimi, kwa ubaya wangu mwenyewe.

Sasa anaendesha lori barabara ya Kanyabayonga, na akipita Butembo hula kwangu. Kila mara najiandaa kumwambia aksanti, naishia kumwongezea fufu. Yeye hula, hucheka, hajawahi kuitaja siku ile. Namtazama, na bado namwonea wivu.