Usizungumze na Dereva

Jumamosi, tarehe 9 Juni 2018. Saa moja kamili asubuhi baba yangu, Korbinian Höfler, alikuwa ameshaketi ndani ya gari lililozimwa, mkanda umefungwa, kofia magotini. Saa mbili na nusu gari liliondoka Schongau. Saa tatu na robo, kwa mujibu wa tiketi iliyokuwa mfukoni mwake, alitakiwa awe mlangoni pa kasri la Neuschwanstein, mwendo wa dakika arobaini kwa gari, kisha karibu arobaini nyingine za kupanda mlima kwa miguu.

Kwa miaka thelathini na mmoja Baba aliwapeleka watalii kwa basi hadi chini ya kasri hilo la mfalme, na hakuwahi kuingia. Abiria walipanda, dereva alibaki na basi. Mama naye alikuwa amekataa kuingia bila yeye. Baba alipostaafu, akaondolewa mtoto wa jicho, alisema: "Jicho limesafishwa. Sasa nataka kuona kitu kilichokuwa kikiwarudisha watu wale wanahema huku wanacheka."

Daktari alikuwa bado hajamruhusu kuendesha. Kwa hiyo usukani ulimwangukia Hinnerk, mchumba wangu, mtu wa Hamburg, huko kaskazini, ambako Baba huwaita watu wote Waprusi.

Safari ilipangwa jikoni kwetu Jumapili iliyotangulia, ramani ikiwa imetandazwa kando ya keki ya jibini.

"Kwanza Neuschwanstein," Baba alisema. "Tunalala Füssen, kesho yake kasri dogo la Linderhof, maana mama yenu anataka kuona bustani. Tiketi za kasri kubwa nimepata mbili tu. Wewe dereva utabaki chini, kama ilivyo desturi."

"Sawa, Baba. Mnaingia saa ngapi?" Hinnerk aliuliza.

"Robo nne."

"Basi saa ya kuondoka niachieni mimi."

"Ukifika Steingaden, usije ukapita—"

"Korbi!" Mama alimkatiza. "Gari halijawashwa, tayari unamfokea! Kile kibandiko cha basini kwako kilisemaje?"

Baba alinung'unika: "Usizungumze na dereva wakati wa safari."

"Haya, apa."

Akaapa, mkono ukiwa juu ya keki.

Kwetu Bavaria, robo nne ni saa tatu na robo: robo ya saa ya nne imekwisha kupita. Kwa Hinnerk ilikuwa saa nne na robo. Nilikuwapo mezani, nikigawa sahani. Haikunijia kabisa kwamba neno hilo lingeweza kuwa na maana nyingine.

Jumamosi hiyo nilikuwa kazini, katika duka la miwani ninakofanya kazi ya kusaga lenzi. Yaliyofuata nilisimuliwa na Mama kwa simu, jioni ile ile.

Tangu walipoondoka Baba alikuwa akiitazama saa ya gari na kumeza mate. Walipofika Steingaden uso ulikuwa umemwiva.

"Una nini? Unaumwa?" Mama aliuliza.

Baba alinyoosha kidole kwenye saa.

"Si useme!"

"Nimeapa."

"Nimekufungulia kiapo!"

"Zimebaki dakika ishirini na tano, na huyu Mprusi anaendesha kana kwamba tunasindikiza jeneza!"

"Ishirini na tano?" Hinnerk alishtuka. "Si ulisema robo nne?"

"Ndiyo, robo nne!"

"Basi bado saa nzima na zaidi!"

"Kijana, nusu nne ni saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu."

"Na robo nne?"

"Saa nne na robo."

"Kwa hiyo huko kwenu robo huja baada ya nusu?"

Hinnerk aliliwazia jambo hilo hadi Schwangau, chini ya kasri.

Tiketi iliyopitwa na wakati haipokelewi, na mwanamke wa dirisha la tiketi aliwaeleza hivyo kwa upole. Nafasi za siku hiyo zilikuwa zimejaa, ila huenda mtu angerudisha zake. Hinnerk alisimama mbele ya dirisha hilo tangu saa tatu na nusu, akakataa kuketi. Baba aliteremka kwenye maegesho, akawakuta madereva wenzake wa zamani wakicheza karata, akashinda mara mbili. Mchana alimpandishia Hinnerk mkate wenye nyama ya kuoka.

"Kula, Mprusi. Dereva mwenye njaa ni hatari."

Saa saba familia moja ilirudisha tiketi mbili, za saa tisa na robo.

Ndani, Mama alisema, Baba alitazama kila ukuta kwa lile jicho jipya, mkono wa Mama ukiwa katika wake. Mbele ya dirisha moja aliinama muda mrefu, akitafuta huko chini mahali alipokuwa akiegesha basi, hadi akapaona.

Alipotoka alikuwa anahema huku anacheka.

"Ziara yenyewe nusu saa tu!" alimwambia Hinnerk. "Na ukumbi wa kiti cha enzi hauna kiti! Basi langu lilikuwa na viti hamsini na vitatu."

Tarehe 8 Juni 2019 Hinnerk nami tulifunga ndoa katika ofisi ya mji wa Schongau, robo nne ya kwetu. Yeye alifika nyumbani kwetu saa mbili na robo, akamkuta Baba ameshaketi ndani ya gari.