Chumvi ya Paja Moja

Mwaka ule wa ukame ng'ombe wetu wa mwisho alianguka asiinuke tena, baba akamchinja kabla hajakata roho. Mama alikata nyama vipande virefu, nami nikavisugua chumvi ili vitoe maji kabla ya kukaushwa kwa moshi. Chumvi ikaisha tukiwa tumemaliza paja moja tu. Nilikwenda mbio hadi dukani Chemba. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, rafu zimejaa biskuti, redio na sabuni za kunukia.

"Shikamoo. Naomba chumvi."

"Marahaba, mwanangu. Imeisha. Labda lori la keshokutwa."

Nilirudi nikamweleza mama. Tuliitundika nyama yote hivyo hivyo. Siku ya tatu ile isiyo na chumvi ilianza kunuka, baba akachukua jembe kwenda kuchimba shimo.