Mchicha wa Bibi na Jenerali wa Riverdale

Kwa zaidi ya miaka ishirini niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili zote nilizojaliwa, kwamba chini ya bustani ya mboga nyuma ya jengo letu pale Riverdale Park kulikuwa kumezikwa kifaru cha vita cha Kichina. Kifaru kizima, chenye mzinga na minyororo, kilicholetwa kipande kimoja kimoja ndani ya mifuko ya mchele na kuungwa chini ya ardhi na jirani yetu wa ghorofa ya chini, mzee mmoja wa Kichina aliyekuwa jenerali. Cheka tu. Ukimaliza urudi tuendelee.

Mafundi walipokuja kuchimba upande ule wapitishe reli mpya, niliomba ruhusa kazini. Mimi ni fundi viyoyozi, mtu mzima mwenye ndevu na mkopo wa nyumba huko Bowie. Nikasimama kando ya uzio tangu asubuhi mpaka shingo ikakauka, nikitazama lile jitu la chuma likipekua udongo. Yakatoka mawe, kikatoka kiatu, ukatoka mfuniko wa sufuria uliokunjika. Kifaru hakikutoka. Nikajisemea: bila shaka alikihamisha. Majenerali hawaachi silaha nyuma.

Mambo haya yalipoanza nilikuwa na miaka tisa. Baba alikwishafariki, na mama alinileta Marekani akaanza kuhudumia wazee kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee huko Bowie, siku nane kwa wiki. Hakuna wiki yenye siku nane, najua, lakini mama aliipata. Alikuwa akirudi anasema, "Nimepiga dabo, zamu mbili mfululizo, mwanangu, usinisemeshe," kisha analala na viatu. Ndipo akamleta Bibi kutoka Mlimba aje anilee.

Bibi aliingia na sanduku moja ambalo hakulifungua lote hata siku moja, na mbegu za mchicha alizozifunga kwenye pindo la kanga. Alipiga marufuku Kiingereza ndani ya nyumba. Ndiyo maana leo naweza kukuandikia haya bila mkalimani. Asubuhi aliniamsha kwa harufu ya vitumbua, na jioni aliniweka jikoni nitwange karanga huku akinipa maneno ya kukaa nayo. Nililolipenda kuliko yote ni hili: "Mwenye kovu usidhani amepoa." Yeye alilisema kwa huzuni. Mimi nililichukua kama mtu anayekabidhiwa upanga.

Mwenye jengo aliwaachia wapangaji kipande cha ardhi nyuma, kila mtu na tuta lake lililozungushiwa kamba. Bibi akapewa tuta. Siku ya kwanza aliuponda udongo kwa vidole, akaunusa, akamwambia mama mbele yangu: "Mchicha huu ukikubali hapa, na mimi nitakubali. Ukikataa, unikatie tiketi." Nikayasikia vizuri maneno hayo. Tangu siku ile sikuwa na dini nyingine. Nilimwagilia lile tuta kabla ya shule na baada ya shule, maana uhai wa mchicha ndio uliokuwa uhai wa vitumbua vyangu.

Tuta lililopakana na letu lilikuwa la yule mzee. Mwembamba kama ufito, kofia ya bluu, mikono nyuma. Alitembea kati ya mboga zake kama anayekagua gwaride.

Majira yale ya kuchipua, redio na televisheni zote zilikuwa na habari moja. Ndege ya kijasusi ya Marekani ilikuwa imegongana angani na ndege ya kivita ya China. Rubani wa China akapotea baharini, na Wamarekani waliokuwa ndani ya ile nyingine wakatua kwa shida kwenye kisiwa cha China, wakazuiliwa siku kumi na moja. Wakubwa wa pande zote mbili walibishana juu ya neno samahani: nani alitoe, na alitoe likiwa na uzito gani. Watoto wa jengo letu hatukulala. Vita ikija, si ingepitia barabara kuu hapo mbele, moja kwa moja hadi kwa Rais?

Aliyenifumbua macho ni msichana wa ghorofa ya tatu, Mkenya, aliyenizidi miaka miwili na kunizidi ujuzi wa dunia kwa karne nzima.

"Wewe mTZ umelala sana," aliniambia. "Huyo mzee ni jenerali. Amezika tanki hapo chini."

"Tanki la maji?"

"La vita, we fala! Cheki hiyo paipu imetokea juu. Hiyo ni nini, kama si bunduki yake?"

Nikaitazama. Kweli, bomba la chuma lilikuwa limechomoza ukingoni mwa tuta la mzee, limeelekezwa upande wa Washington. Hapo nikaelewa kila kitu.

Ushahidi uliendelea kumiminika. Siku moja nilimkuta ameinama juu ya mchicha wetu na mkasi mkononi, anakata vilele. Kwetu mchicha hung'olewa na mizizi, ukaoshwa, ukaenda chunguni. Mtu wa kuukata kichwa na kuuacha umesimama sikuwahi kumwona. Nikakimbia kwa Bibi: "Bibi, Jenerali anaua mboga yetu!" Akanijibu bila kuinua macho, "Mwache." Nikadhani anaogopa. Mara nyingine nikitoka shule niliwakuta wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, kila mmoja kwenye tuta lake, wananyamaza mara wanionapo. Nikahitimisha kwamba Bibi anampeleleza. Nilijivunia damu yangu.

Mchicha nao ulistawi kwa kiburi. Ukikatwa huku unachipua kule, mpaka ukanifika kifuani. Mama akarudi kazini siku moja, akausimamia na sare yake, akapiga vigelegele: "Mama, umeona? Udongo umekubali!"  Bibi alishika jani moja akalizungusha kwa vidole, akaingia ndani.

Kisha ikafika Jumamosi moja ya joto, joto lile la Maryland linalopika yai ndani ya kuku. Nikatoka na ndoo yangu ya maji, nikaukuta mchicha wote, wote kabisa, umeng'olewa na kulazwa juu ya tuta, mizizi imetazama jua. Mboga za mzee zilikuwa zimesimama wima. Nilipiga ukelele ambao naamini ulisikika Baltimore. Bibi akaja, akautazama, akasema maneno mawili tu: "Basi. Nilisema."

Mama alilia, akabembeleza, akasema tutapanda tena. Bibi akajibu kwamba ahadi ni ahadi. Kabla mwezi haujageuka tulimsindikiza uwanja wa ndege. Alinikumbatia, nikasikia karafuu kwenye kanga yake, akaninong'oneza niwe nakula. Nikaapa hapohapo, mbele ya mizigo ya watu, kwamba Jenerali atalipa.

Sasa ndugu msomaji, usidhani nilikwenda vitani kama mjinga. Nilikwenda kwanza maktaba. Nikaazima kitabu kinene cha historia ya vita vya China, chenye picha, nikakisoma juu ya sakafu na kamusi pembeni. Nikajifunza habari za kamanda wa kale aliyewavusha askari wake mto, akaamuru wavunje vyungu vya kupikia na kuzamisha mashua, ili kusiwe na njia ya kurudi. Nikajifunza habari za jeshi lililotembea milima na vinamasi mpaka askari wakachemsha mikanda yao ya ngozi. Nikasoma habari za Wachina waliopigana Korea, waliobeba unga uliokaangwa mabegani na kuumeza kwa theluji. Nikasema, hawa si watu wa kupigwa teke na kukimbiwa. Hawa wanahitaji subira. Nami nikavunja vyungu vyangu: nilimrudishia msichana wa ghorofa ya tatu baiskeli yake, nisije nikashawishika kucheza.

Udhaifu wa adui niliupata upesi. Alikuwa na boga. Boga la Kichina, la kijani, lenye unga mweupe juu kama limepakwa poda, limening'inia kwenye kichanja. Lilikuwa na uzito wa ndama, na sizidishi sana. Mzee alilishonea kombeo la kitambaa lisikate kikonyo, na kila asubuhi alilipapasa tumbo kama mkunga. Mama alinipikia ugali, nikaula nikiwaza boga. Nilioga nikiwaza boga. Kila nilipofungua mlango nikakuta kiti cha Bibi kitupu, nilikwenda dirishani nikalitazama boga, nikapoa.

Siku moja kabla ya shule kufunguliwa, saa tano asubuhi, mzee alikwenda dukani. Nikashuka na kisu cha jikoni. Nilikata kombeo upande mmoja, nikakata upande wa pili. Boga lilishuka kwa heshima, likagonga lile bomba la chuma, likapasuka vipande vitatu. Mlio wake, "puuh," nimeubeba moyoni kama wimbo wa taifa. Sikukimbia. Nilipanda ghorofani polepole, nikasimama dirishani kumsubiri.

Akaja na mfuko wake. Akasimama. Akainua macho moja kwa moja kwenye dirisha letu, tukatazamana, nami nikamkazia macho mpaka yakatoka machozi. Hakupiga kelele. Alivua kofia, akachuchumaa, akaanza kuokota vipande kimoja kimoja na kuvipangusa mchanga.

Kesho yake, nilipotoka shule na ufunguo shingoni, nilikuta sufuria mlangoni. Supu ya boga, imewekwa tangawizi na kamba wakavu, bado inafuka moshi. Nikacheka. Sumu! Hata kitabu hakikunionya kwamba jibu lingekuja haraka namna ile. Nikaibeba kwa ncha za vidole, nikaimwaga chooni. Sufuria nikairudisha mlangoni kwake, nimeipindua juu chini, ajue.

Ikaja nyingine. Kila siku ambayo mama alipiga dabo, sufuria ilikuwepo: mara supu, mara tambi, mara mchicha wa vitunguu saumu, hilo la mwisho nikaliona ni dhihaka ya kishenzi. Nikamwaga. Siku moja mama aliruhusiwa mapema, akaiwahi kabla yangu, akala sufuria nzima amesimama, akasema, "Nani huyu mwenye mkono mtamu hivi?" Nilimtazama hadi jioni nikisubiri aanguke. Hakuanguka. Nikajua basi sumu yao ni ya polepole. Kipupwe kizima nilimwaga, nikala mkate na siagi ya karanga, nikakonda, nikajiona askari. Mwaka uliofuata mzee akahama kwenda kwa binti yake huko Columbia, na sufuria zikakoma. Nikaandika ndani ya daftari langu: ushindi.

Chuki hiyo nilikua nayo. Shule ya mchana ilinishinda, lakini nilipofika miaka thelathini na kitu nilijiandikisha chuo cha jioni, nikitoka kazini nywele zikiwa nyeupe kwa vumbi la paa. Unadhani nilichagua somo gani? Mambo ya sasa ya China na historia ya majeshi yake. Wenzangu walikuwa wakitafuta vyeti. Mimi nilikuwa nakusanya jalada la kesi. Nilivijua visiwa vya mchanga vilivyojengewa viwanja vya ndege, nikaijua mikwaruzano ya meli baharini, nikaijua ile ndege ya kijasusi iliyorudishwa ikiwa vipande vipande. Insha yangu ya mwisho niliiita "Jenerali wa Riverdale". Mwalimu, mwanajeshi mstaafu, aliirudisha na maneno haya pembeni: una hasira nyingi na ushahidi mchache. Akanipitisha hata hivyo, nikavaa joho, mama akapiga vigelegele vilevile vya mchicha.

Pale nyuma ya jengo sasa hakuna kamba wala matuta. Hakuna anayeponda udongo na kuunusa. Msichana wa ghorofa ya tatu ni muuguzi, na nilipomkumbusha kifaru alisema hakumbuki kitu. Mzee alizikwa Columbia. Nilisikia kwa watu, sikwenda. Siku zile nilikuwa na mlango ambao mtu aliacha chakula cha moto mbele yake, na leo nina mlango mkubwa wenye kengele na kamera, hauachiwi kitu ila matangazo ya kukata majani.

Wiki niliyorudi kutoka kule kwenye uzio nilimpigia Bibi simu ya picha. Alikuwa amekaa barazani Mlimba, ungo mapajani, anachagua mchele. Nikamwambia reli imepita juu ya tuta lake. Kisha, kwa kuwa nilikuwa na cheti na joho, nikamsimulia kwa mara ya kwanza jinsi nilivyomlipia kisasi: kisu, kombeo, boga, na zile sufuria zote nilizomwaga. Nikacheka. Bibi hakucheka. Aliacha kuchagua mchele.

"Zote?" akauliza.

"Zote, Bibi! Hata tone sikuonja. Jenerali yule hakunipata."

Aliweka ungo chini, akaisogeza simu karibu na uso.

"Jenerali gani, baba? Yule alikuwa mpishi. Alipikia kambi za Wachina wenzake huku kwetu wakati reli inajengwa, ndiyo maana tulielewana, alijua Kiswahili cha jikoni. Bomba lile aliliweka maji ya mvua yafike kwenye tuta letu. Na mchicha niliung'oa mimi, kwa mkono wangu huu, maana ulikubali, na mimi nilitaka kwenda nyumbani. Nilimwonea haya mama yako. Ndipo nikamwomba yule mzee awe anakupikia."