Maharagwe Viziwi

Wanafunzi walimwita Mwalimu Taratibu, maana neno hilo halikumbanduka mdomoni. Mtoto akirukia jibu kabla ya kufikiri, "Taratibu." Akimwaga maji mezani, "Taratibu." Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma aliyeumia mgongo na sasa akishinda nyumbani, alizoea kumtania: "Wewe hata malaika wa mauti akija utamwambia taratibu."

Alifundisha sayansi darasa la tano, kwa mkataba wa muda. Mkataba ukikaribia kwisha, mwalimu mkuu alimwambia avute subira, ajira ya kudumu iko njiani. Naye alivuta, mwaka baada ya mwaka. Mvumilivu hula mbivu, alijiambia, ingawa moyoni alikwisha kuanza kuuliza mti wenyewe uko wapi.

Tangazo la mashindano ya uchunguzi wa kisayansi kwa shule za msingi lilipobandikwa ofisini kwa walimu, wenzake walilitupia jicho wakaendelea na chai. Yeye alisimama akalisoma mpaka chini. Kila darasa lichague swali lake lenyewe, lilichunguze, kisha lieleze lilichokiona. Jambo hilo ndilo alilokuwa akilitamani tangu aanze kazi.

Swali lilitoka kwa msichana aliyekaa karibu na dirisha. Alilelewa na bibi yake, akarithi misemo yake yote, ndiyo maana wenzake wakamwita Bibi Mdogo.

"Mwalimu," alisema, "bibi yangu akipalilia huwa anaiimbia mimea. Anasema mmea ukiimbiwa unakua haraka. Sasa, ni kweli au ni uzee tu?"

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu Taratibu hakucheka.

"Tutajuaje?" aliuliza.

Mabishano yalianza, na yeye akayaacha yachemke. Wakakubaliana kupanda maharagwe kwenye makopo. Nusu wangeyaweka dirishani darasani na kuyaimbia kila asubuhi; nusu nyingine wangeyaweka stoo, penye dirisha linalotazama upande uleule. Mmoja akauliza je, udongo ukitofautiana? Basi wakauchanganya wote kwenye karai moja. Mwingine akauliza je, ya darasani yakinyweshwa zaidi kwa kupendelewa? Wakachagua kikombe kimoja cha kupimia. Mwalimu alikaa nyuma akiwasikiliza, macho yamemlowa, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Kwa majuma kadhaa darasa la tano lilikuwa kichekesho cha shule. Waliyaimbia maharagwe nyimbo za michezo, wakayaimbia na jedwali la kuzidisha. Mpishi wa shule alipita na sufuria yake akasema, "Mkishayafundisha hesabu niambieni, nisije nikapika yanayojua kuhesabu." Watoto ambao hapo awali hawakuinua mkono hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni sasa waligombania rula.

Siku ya kulinganisha vipimo ilipofika, hapakuwa na tofauti. Maharagwe yaliyoimbiwa na yale ya stoo yalikwenda sawa, hili limepita kidogo hapa, lile kidogo pale. Watoto walinyong'onyea. Mmoja alitokwa na machozi kabisa, maana koo lilimkauka kwa kuimba.

Bibi Mdogo ndiye aliyesema kwanza. "Basi maharagwe ni viziwi, Mwalimu. Na bibi yangu ataambiwa na nani?"

Wakacheka, na mwalimu akacheka nao, kisha akawaeleza kwamba hilo ni jibu kama majibu mengine. Kwamba walijiuliza, wakachunguza bila kupendelea, na sasa wanajua jambo ambalo mwezi uliopita hawakulijua. Aliona nyuso zikifunguka. Baadaye alimwambia mumewe kwamba siku ile ndiyo alijihisi mwalimu kwelikweli.

Mwalimu mkuu aliona bango lao la matokeo siku chache kabla ya mashindano. Alilisoma, akavua miwani.

"Hakuna tofauti?" alisema. "Mwalimu, nani atatoa kombe kwa hakuna tofauti?"

"Ndivyo walivyoona, mkuu."

"Walichokiona ni kimoja na watakachokisema ni kingine. Tia chumvi kidogo. Yaliyoimbiwa yawe marefu. Nani atakwenda stoo kupima?"

"Watoto wanajua ukweli."

"Watoto wanajua utakachowaambia." Sauti yake ilikuwa ya upole, karibu ya kibaba. "Jina lako nimeshalipendekeza kwa ajira ya kudumu. Shule ikirudi na kombe, nani atalikata? Lakini tukirudi mikono mitupu, mimi nitawaambia nini wakubwa? Fikiri. Una mgonjwa nyumbani."

Mwalimu Taratibu alitoka ofisini akiwa amelikunja bango la kwanza kwapani. Bango jipya lilichorwa na mwalimu wa sanaa, lenye mistari mizuri ya rangi: wa kijani ukipanda juu, wa kahawia ukibaki chini. Watoto alipowaonyesha walitazamana. Aliwaambia kwamba huenda walikosea kupima. Alisema hivyo akiwapa kisogo, akifuta ubao uliokuwa umeshafutwa.

Ukumbi wa mashindano ulijaa meza na vitambaa vyeupe. Jaji aliyefika kwao alikuwa mama wa makamo mwenye uso mchangamfu. Alisikiliza maelezo yote ya Bibi Mdogo, kisha akainama mpaka macho yao yakawa sawa.

"Mimi nimelima miaka mingi," alisema, "na sijawahi kuona haya. Niambie wewe mwenyewe, mwanangu. Yalikuwa marefu kweli?"

Msichana aligeuka akamtazama mwalimu wake, akangoja. Mwalimu Taratibu alikuwa na nafasi yote ya kusema. Akainamisha kichwa, akaanza kunyoosha kitambaa cha meza kisichokuwa na kunjo hata moja.

"Ndiyo," alisema Bibi Mdogo. "Yanasikia."

Wakapewa kombe.

Shule iliwapokea kwa vigelegele. Mwalimu mkuu alihutubia, akamtaja yeye kwa sifa mbele ya wazazi. Jumatatu, moyo ukamsuta, akafunga mlango wa darasa, akawaambia wanafunzi wake kweli yote: maharagwe hayasikii, hawakukosea kupima, bango lilikuwa la uongo.

"Lakini tulishinda, Mwalimu," alisema mmoja kwa mshangao, kana kwamba mwalimu amesahau.

Bibi Mdogo hakuinua mkono. Alisema palepale alipokaa, "Mimi nilikutazama."

Wakafungua vitabu.

Alipiga moyo konde akaenda ofisi ya elimu kueleza yaliyotokea. Ofisa alimsikiliza akizungusha kalamu, kisha akacheka bila ubaya. "Mama, watoto wamefurahi, wazazi wamefurahi, kombe lipo kabatini. Funika kombe mwanaharamu apite. Unataka uwavue watoto furaha yao?" Akamsindikiza mpaka mlangoni, akamshika mkono, akampongeza kwa ushindi.

Ajira ya kudumu ikaja. Mumewe alifurahi hata akasahau mgongo, akainuka kumkumbatia, akaugulia, akaketi tena akicheka. Yeye alilia, na mume akadhani ni furaha. Usiku wala mchana hakumwambia kilichoinunua.

Bibi Mdogo alipanda darasa la sita. Wakikutana kwenye uwanja wa shule alimwamkia kwa adabu, akapita. Misemo ya bibi yake ilimwisha, au aliacha tu kuisema mbele ya walimu.

Tangazo la mashindano likabandikwa tena. Mwalimu mkuu alilileta mwenyewe darasa la tano, akiwa na tabasamu. Alipoondoka, mwalimu aliwaambia wanafunzi wapya wachague swali. Walikuwa watoto wazuri, wenye bidii, na habari za kaka na dada zao walikuwa nazo. Kijana wa mbele akainua mkono.

"Mwalimu, tuambie kwanza jibu linalotakiwa, ndipo tutafute swali."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wameshika kalamu, wakimngoja.

Muhula ulipokwisha aliomba aondolewe kwenye sayansi, apewe darasa la kwanza. Mwalimu mkuu alishangaa, akamkubalia. Huko anawashika watoto mikono, anawaongoza kuumba herufi, na siku zake zinakwenda. Wakimuuliza kitu kisichohusu herufi, huwaambia wakamuulize mwalimu mwingine.